Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya magofu ya Kilwa: mji ule ulikuwa na watu, si masultani peke yao

Waheshimiwa,

Salaam. Barua hii ni yenu nyinyi mnaosimamia mambo ya kale, mnaopitisha fedha za ukarabati, na mnaoandaa vitabu vya somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Tumeiandika pamoja mafundi wa chokaa, waongoza watalii na watu wa akiolojia. Tunaomba jambo moja: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa cha jirani yake, zifundishwe, zionyeshwe na zikarabatiwe kama miji walimoishi watu wa kila namna kati ya karne ya 11 na ya 16. Kwa sasa zinaonyeshwa kama nyumba ya mfalme na msikiti wake.

Ziara ya kawaida mnaijua. Mgeni anavuka kutoka Kilwa Masoko, anaonyeshwa Msikiti Mkuu na kuba zake, anapandishwa Husuni Kubwa kuona birika la pande nane, anatajiwa dhahabu ya Sofala (bandari katika Msumbiji ya leo), msafiri Ibn Battuta wa Morocco na Wareno wa 1505, halafu anarudi kwenye boti. Yote hayo ni kweli. Ila akiuliza watu walikula nini, walilala wapi, nani alichota maji na nani alisuka nguo, mwongozaji anabaki kubahatisha, kwa sababu maelezo aliyopewa hayamsaidii. Tena kuna hadithi anayoisimulia kila siku, ya mwanzilishi wa utawala wa Kilwa aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungushia chote. Hakuna anayeuliza nguo hiyo ilisokotwa na nani.

Habari zipo, tena za watu waliofika. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Kule Mogadishu alikula wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa kwenye sahani kubwa ya mbao, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yaliyofuatana na achari ya ndimu, vishada vya pilipili vya kuchachushwa, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa alikuta chakula kikuu ni ndizi na samaki, na nafaka ililetwa kwa vyombo kutoka mrima. Kwenye misikiti ya Mombasa hakuangalia mihrabu tu. Aliandika kwamba mlangoni kuna kisima cha kina cha dhiraa moja au mbili, maji huchotwa kwa chombo cha mbao kilichofungwa kwenye kijiti chembamba, uwanja wa kuzunguka kisima umesakafiwa, watu huenda pekupeku, na anayeingia huosha miguu na kuifuta kwenye mkeka mnene. Kilwa yenyewe aliiona mji mzuri wenye nyumba za mbao. Kauli hiyo inawasumbua waongozaji wengi, kwa kuwa wamesimama mbele ya mawe. Tutairudia.

Mwaka 1505 msafara wa Wareno chini ya Francisco de Almeida uliivamia Kilwa na kuipora. Ndani yake alikuwamo Mjerumani, Hans Mayr, ambaye maelezo yake yangestahili kubandikwa getini kabla ya orodha yoyote ya masultani. Anataja bustani zilizozungushiwa ua wa miti na kumwagiliwa maji ya visima, zenye michungwa, milimau, figili, vitunguu vidogo na mrehani. Anataja pamba nzuri iliyolimwa kisiwani humohumo, kondoo, mbuzi, kuku, asali na nta. Anaeleza mavazi: watumwa walifunga kipande kimoja cha nguo kutoka kiunoni hadi magotini, wakati mabwana wao walivaa vipande viwili, kimoja kutoka kiunoni hadi miguuni, kingine kimetupwa mabegani. Anaeleza hata chokaa ilivyochomwa: magogo makubwa yamepangwa duara, ndani yake mawe ya matumbawe, kisha moto.

Hapo kwenye nguo pana jambo ambalo mabango yenu yanalipita kimya. Mji huu ulikuwa na watumwa. Ibn Battuta anasema sultani wa Kilwa, yuleyule anayesifiwa kwa ukarimu, alishambulia mara kwa mara nchi za jirani na kuchukua ngawira. Ukimsifu kwa sadaka zake bila kutaja mali ilikotoka, umesimulia nusu ya habari. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuambiwa hivyo waziwazi.

Tuje kwenye ardhi yenyewe. Vitu vilivyozagaa zaidi Kilwa ni vigae, si dhahabu, na miongoni mwake vimo vigae vya chungu vilivyosuguliwa kingo mpaka vikawa duara na kutobolewa katikati. Hivyo ni vya kusokotea uzi. Kijiti hupitishwa tunduni, pamba hufungwa kwenye ncha, kijiti huzungushwa na kuachwa kining'inie. Uzito wa kigae huendeleza mzunguko na pamba hujipinda kuwa uzi. Jaribuni kutengeneza kimoja na mtaona kwamba hii ilikuwa kazi ya ustadi. Tundu lisipokuwa katikati kabisa, kijiti huyumba na uzi hutoka mnene huku na mwembamba kule. Kigae kikiwa kizito mno, uzi mwembamba hukatika. Kikiwa chepesi mno, kijiti husimama kabla pamba haijapindika vya kutosha. Kuonyesha haya kunahitaji vigae vipya vya chungu kilichovunjika sokoni (vya zamani visiguswe), vijiti, pamba kidogo na mtu mmoja aliyefundishwa. Gharama yake haifiki bei ya bango moja la chuma, ambalo kwa upepo wa chumvi hupata kutu mapema.

Chakula nacho kinaeleweka vizuri. Majalala ya miji ya pwani yametoa mtama, uwele, mpunga, nazi, mifupa ya mbuzi, ng'ombe na kuku, na zaidi ya yote mifupa ya samaki wa kwenye miamba, akina changu na pono. Kule Chwaka, Pemba, mbegu zilizoungua moto zinaonyesha mpunga ukishika nafasi ya uwele baada ya karne ya 11. Wali ulikuwa chakula cha heshima, na kuupata kulitaka mabonde yenye maji na watu wa kuyalima.

Mkitaka kujenga jiko la maonyesho, na tunawasihi mlijenge, jihadharini na vitu ambavyo vilikuwa havijafika. Hapana mahindi, kwa hiyo hapana ugali mweupe. Hapana muhogo, viazi vitamu, karanga, nyanya, papai, nanasi wala korosho. Vyote hivyo asili yake ni Amerika na vililetwa baada ya Wareno. Pilipili ya kuwasha tunayoila leo imetoka hukohuko, hivyo achari aliyokula Ibn Battuta ilikuwa ya jamii ya pilipili manga. Mikarafuu ilianza kulimwa Zanzibar karne ya 19. Kanga za kuvaa ni za karne ya 19 pia, na milango mingi ya nakshi yenye misumari ya shaba mnayoipenda kwenye vipeperushi ni ya karne ya 18 na 19. Tumeona michoro ya "mji wa kale" yenye mwanamke wa kanga akipika ugali chini ya mkorosho. Sentensi ya kitabu hufutika, picha hubaki kichwani mwa mtoto. Wekeni mafiga matatu, chungu cha udongo, kinu na mchi, ungo, mtama, uwele, mchele, nazi, samaki mkavu, tangawizi, ndimu. Bakuli moja la kijani la Kichina kando yake linatosha kueleza biashara ya Bahari ya Hindi. Yakijaa bakuli za Kichina, mgeni atadhani kila nyumba ilikuwa nazo.

Sasa kauli ya Ibn Battuta kuhusu mbao. Nyumba za mawe zilikuwa za wenye uwezo. Wengi walikaa nyumba za fito na boriti zilizokandikwa udongo, zikaezekwa makuti au nyasi, na nyumba hizo hazisimami miaka 700. Hubaki kama rangi tofauti kwenye udongo, vipande vya udongo uliokandikwa vilivyoungua, na sakafu ya kushindilia. Songo Mnara, mji uliokaliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa ya 16, una nyumba za mawe zaidi ya 30. Lakini eneo linaloonekana tupu kati ya nyumba hizo na ukuta wa mji nalo lilikuwa na nyumba za udongo, na zilipatikana kwa vipimo vya sumaku na kuchimba kwa uangalifu. Kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana tunapata homa tukisikia eneo "lisilo na magofu" limepangiwa choo cha wageni, maegesho au tangi la maji. Kabla ya jembe la kwanza, pimeni.

Hata ndani ya nyumba za mawe, habari nyingi ziko chini ya miguu. Vyumba ni vyembamba, kiasi cha meta 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti za mkandaa (aina ya mkoko) haziwezi kubeba dari pana zaidi. Juu ya boriti waliweka mawe bapa, kisha kokoto na chokaa iliyoshindiliwa. Dari ya namna hiyo ni nzito, na inataka kuzibwa nyufa kila mwaka. Nyumba ikihamwa, maji ya mvua hupenya, ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta huoza kwanza, na dari yote huanguka mara moja. Kifusi hicho hufunika sakafu na kuilinda. Chini yake hukaa vigae, sarafu za shaba, magamba ya samaki, na punje ndogo sana za mchanga-kioo zilizoachwa na majani ya mimea yaliyoozea hapo, ambazo kwa hadubini zinaweza kukuambia palikuwa na mkeka, makuti au pumba za mpunga. Songo Mnara watafiti walichukua udongo wa sakafu chumba kwa chumba na kupima kemikali zake ili kujua palipopikwa na palipofagiliwa.

Kwa hiyo mkitoa zabuni ya "kusafisha magofu", neno hilo lina hatari. Kibarua mwenye koleo akisafisha chumba mpaka sakafu ing'ae, amefuta chumba hicho. Masharti ya kazi yataje waziwazi kwamba nyasi hukatwa kwa panga juu ya ardhi bila kung'olewa. Kwamba mti uliootea ukutani hukatwa shinani, shina likauliwa, na mizizi ikaachwa ioze huku nyufa zikijazwa chokaa pole pole, kwa sababu ukivuta mzizi unatoka na jiwe. Na kwamba kifusi hakitolewi bila mwanaakiolojia. Sarafu zikiibuka baada ya mvua, mahali zilipolala paandikwe kabla hazijaokotwa. Songo Mnara zimekutwa sarafu na vijiwe vyeupe vimewekwa makaburini kwa makusudi. Zingekuwa zimetiwa mfukoni, tusingejua kwamba watu walizuru wafu wao hivyo.

Kuhusu ubishi wa kama waanzilishi wa miji hii walikuwa Washirazi, yaani watu wa Uajemi, tutasema kidogo, maana umeshakula muda mwingi wa ziara. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, wa watu 80 waliozikwa kati ya takriban 1250 na 1800, ulionyesha wengi wao walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kwa Waafrika, hasa upande wa wanawake, na sehemu kubwa ya iliyobaki kutoka Uajemi, hasa upande wa wanaume. Mpeni mwongozaji sentensi hiyo, kisha aende kisimani na jikoni.

Vyoo pia vionyeshwe. Kule Gede, Kenya, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, wageni husimama muda mrefu kwenye vyoo vya shimo vyenye mahali pa kutawadha pembeni. Nyumba kadhaa za Gede zimepewa majina ya vitu vilivyokutwa ndani, kama mkasi, kauri au pesa za Kichina, na mtu akitoka anakumbuka nyumba. Magofu yetu mengi hayana hata jina la chumba. Anzeni hapo, ni kazi ya wiki moja.

Lililobaki ndilo la haraka kuliko yote, nalo ni saruji. Baadhi ya kuta zimezibwa kwa saruji na zinaendelea kuzibwa, kwa sababu inapatikana dukani na hukauka siku hiyohiyo. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Maji yenye chumvi yanayopanda kutoka ardhini, yakikuta kiungo cha saruji, hutokea kwenye jiwe. Jua linapoyakausha, chumvi hugeuka fuwele ndani ya vitundu vya tumbawe na kulimenya tabaka kwa tabaka. Ukiona mistari ya saruji imetokeza mbele na mawe yamerudi nyuma, ukuta huo unaliwa. Saruji ya zamani itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kukatia, na palipogandamana kabisa iachwe mpaka ilegee yenyewe.

Badala yake ni chokaa, kwa njia ambayo haijaachana sana na ile ya 1505. Magogo makavu hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati ikiachwa nafasi ya kuwashia. Juu huwekwa vipande vya tumbawe vya ukubwa wa ngumi. Vikiwa vikubwa zaidi, moto hauingii ndani na hubaki na kiini kibichi ambacho hakitageuka chokaa. Joto linatakiwa lifike nyuzi 900 hivi, na kuni mbichi hazilifikishi. Mawe yatoke kwenye machimbo ya nchi kavu, si mwamba ulio hai baharini, na kuni ziwe minazi na mikorosho iliyozeeka mashambani. Mikoko ya Kilwa isiguswe, kwani ndiyo inayozuia bahari kula ufukwe.

Mawe yakishaungua hutiwa kwenye maji, na si maji kumwagiwa juu yake, kwa sababu yanachemka na kuruka. Miwani na glavu ni lazima. Uji unaotoka huchujwa na kulazwa shimoni ukiwa umefunikwa na maji kidole kimoja au viwili, ili hewa isiufikie. Ukikauka kwa hewa umerudi kuwa jiwe, haufai tena. Baada ya miezi mitatu huwa laini kama samli iliyoganda. Hapo hupimwa ndoo moja ya chokaa kwa ndoo mbili na nusu au tatu za mchanga mkali. Mchanga wa ufukweni hauna nafasi hapa mpaka uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, na maji ya kisima cha karibu na bahari yaonjwe kwanza, maana mengine yana chumvi kuliko mchanga wenyewe. Ukuta wa mawe ya kawaida hula mchanganyiko huo wa chokaa na mchanga kama theluthi ya ujazo wake, kwa hiyo kila meta ya ujazo ya ukuta inataka ujazo huo wa theluthi, na upungufu wa ndoo chache ndio huwapa vibarua sababu ya kukimbilia gunia la saruji.

Ukuta hulowanishwa kabla. Lipu hupigwa kwa tabaka zisizozidi sentimeta moja hadi moja na nusu, kila tabaka ikisubiri iliyotangulia ishike. Kisha hufunikwa magunia yaliyoloa kwa wiki nzima angalau. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua siku ya kwanza, hubaki unga unaofutika kwa kidole, na fundi hulaumiwa kwa kosa la kalenda.

Na kalenda ndiyo inayogongana na bajeti. Kupaka chokaa kunafaa wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimepungua na jua si kali. Ili itumike Juni, inatakiwa iwe shimoni kufikia Machi, kabla ya masika. Ili iwe shimoni Machi, tanuu liwashwe Februari, na kuni zilizokatwa ziwe zimekauka tangu Novemba. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi. Fedha zikitoka Julai na kutakiwa ziishe ndani ya robo ile, hakuna fundi awezaye kupata chokaa iliyolala miezi mitatu. Atanunua saruji, na kwenye karatasi itaandikwa ukarabati umekamilika. Tunaomba fungu la kuni, mawe na shimo litengwe katika mwaka wa fedha unaotangulia ule wa kupaka, na mkaguzi aambiwe kwamba shimo lililojaa uji mweupe mwezi Machi ni kazi iliyofanyika.

Wenu katika kazi,
Mafundi wa chokaa, waongoza watalii na wanaakiolojia wa pwani ya kusini